Swali la Thelathini na Moja

Mara ya nne. Naomba nieleweke vizuri: si ya kwanza wala ya pili, ni mara ya nne mtaala wangu unaingia Kinuni na kutoka umepondwapondwa, na mara zote nne mimi nimekaa kwenye kiti kile kile cha plastiki kinachobana mapaja, nikisubiri asilimia kama mgonjwa anayesubiri majibu ya vipimo.

"Sabini na tisa, Daktari," akasema Bwana Fereji, mwendesha Kinu wa chuo chetu, kwa ile sauti yake ya upole ya Kiunguja inayofanya hata taarifa ya msiba isikike kama salamu. "Samahani sana. Baraza wanataka themanini na tano."

"Najua wanachotaka Baraza."

"Nakumbusha tu."

"Usinikumbushe, Fereji. Huu mwaka wa tatu nakumbushwa."

Shahada ya Uzamili ya Takwimu za Biashara. Jina peke yake lilikula vikao vitatu, maana kuna waliotaka iitwe Sayansi ya Maamuzi, eti ndiyo inasikika kisasa. Halafu ikaja fomu ya Baraza la Mitaala, yenye mistari arobaini na minne inayoanza na "Mhitimu ataweza". Niliandika "ataweza kuelewa namba zimetoka wapi". Ikarudi na alama nyekundu: kuelewa hakupimiki, tumia kitenzi kingine. Nikaandika "kubainisha". Ikapita. Jamani, nina miaka ishirini na sita kwenye kazi hii, na bado sijui mtu anabainishaje kitu asichokielewa.

Kwenye ukuta wa Fereji vivuli mia na ishirini vilikuwa vimemaliza shahada yangu yote ya miaka miwili kwa dakika tisa. Kila mwombaji ana kivuli chake Kinuni, yaani ndani ya ile mashine ya kukadiria watu, kama kila raia. Kivuli kinaundwa kwa rekodi zako: shule, hospitali, manunuzi, safari. Pale rekodi zako zisipotosha, Kinu kinajazia kwa rekodi za watu wa kwenu. Kisha kivuli kinaingizwa darasani, kinasoma, kinachoka, kinafaulu au kinaacha. Vilivyohitimu na kupata kazi vinawaka kijani, na ndivyo vinavyohesabiwa kwenye asilimia. Vilivyoacha vinakuwa vyekundu. Mimi nilikuwa na vyekundu ishirini na vitano: vinne huku na huko, na ishirini na kimoja vimerundikana mahali pamoja.

"Hawa wameachia wapi?" nikauliza.

"Wiki ya sita, muhula wa kwanza. TB 605."

TB 605 ni mtoto wangu. Ukusanyaji wa Takwimu Uwandani. Ndiyo kozi pekee katika shahada nzima ambayo mwanafunzi anatoka na dodoso mkononi, anabisha hodi, anafukuzwa na mbwa, anaambiwa arudi kesho, na kwa njia hiyo anajua kwamba namba ni mtu aliyejibu. Nchi nzima imeacha kuuliza watu. Kwa nini uulize, wakati Kinu kinakadiria? Hiyo kozi niliipigania mpaka wenzangu wakaanza kubadilisha njia wakiniona kwenye korido.

Chini ya ukuta Kinu kilikuwa kimeandika ushauri wake: *Ondoa TB 605, au ondoa waombaji 21.*

Wakati huo akaingia Profesa Nkwabi Lutonja, Mkuu wa Kitivo, mtu mrefu anayeinama mlangoni hata pale pasipo na haja. Akasoma, akapiga makofi mara moja.

"Si rahisi hivyo? Ondoa hao ishirini na moja. Kozi yako inabaki, Ijumaa Baraza wanagonga muhuri, tunakula pilau."

"Profesa, watu ishirini na moja hawafeli wiki moja, kozi moja, wote kwa pamoja. Hata ukiwapikia sumu kwenye sufuria moja, mmoja wao atakuwa hana njaa. Hapa hakuna mtawanyiko hata kidogo! Hii si tabia ya watu."

"Kalunde, usianze."

"Wanatoka wapi hawa, Fereji?"

Fereji akagusa ukuta. "Itumbulu. Wote."

Profesa akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai yake. "Itumbulu," akasema. "Mbali huko." Akatoka bila kuinama, na kweli, akajigonga.

*

Kesho yake, Jumanne asubuhi, nilimkuta mwanamke amesimama mlangoni mwa ofisi yangu, kofia ya pikipiki kwapani, nguo zinanuka moshi wa kufukizia nyuki.

"Shikamoo, Daktari. Naitwa Nyamizi Ntinginya. Natoka Itumbulu."

"Marahaba. Karibu, kaa."

Hakukaa. Alinyoosha simu yake mbele yangu. "Nimetumiwa ujumbe kwamba ombi langu lina alama ya hatari. Nimefeli kozi ambayo haijaanza. Naomba unifafanulie hilo, maana mimi ni mtu wa hesabu na halijanikaa akilini."

Nilimweleza kuhusu kivuli. Alinisikiliza kwa subira ya mtu aliyekwisha kulisikia jambo hilo mara nyingi, na ndivyo ilivyokuwa: alikuwa na shahada ya kwanza, aliyoipata kabla Kinu hakijaanza, na tangu hapo alikuwa ameomba vyuo sita. Sita! Kila mahali kivuli chake kiliacha masomo.

"Na si mimi tu," akasema. "Miaka kumi na moja, Daktari, hakuna mtu wa Itumbulu aliyepokelewa chuo chochote. Cheti, stashahada, chochote. Mdogo wangu alitaka unesi. Wakamwambia kivuli chake kimeacha wiki ya tatu. Sasa hivi yuko porini anachoma mkaa, na mikono yake ile ilikuwa haitetemeki hata akimtoa mtu mwiba jichoni. Tukakubaliana mwaka huu tuombe wengi, ishirini na mmoja, tuone kama watatukataa wote."

Kwenye meza yangu kulikuwa na nakala ya mtaala, naye akaichukua bila kuomba ruhusa, akaanza kufunua kurasa.

"Mbona kozi ya makosa ya sampuli mmeiweka muhula wa tatu? Mtu atakuwa ameshazoea kuamini namba."

Nilikasirika. Nilikasirika kwa sababu alikuwa sahihi, na kwa sababu jambo hilo hilo nililisema kwenye vikao vinne nikashindwa kwa kura. "Ratiba ya walimu," nikasema, jibu la kijinga ambalo nilikuwa nimepewa mimi.

"Sisi kwetu tuna ushirika wa asali," akaendelea. "Mimi ndiye mwenyekiti. Mnunuzi anakuja na makadirio yake, anasema Itumbulu ina mizinga elfu mbili. Nimeihesabu mwenyewe, kwa miguu, mti kwa mti: mia sita na arobaini. Nikawaambia njooni mhesabu. Wakasema hakuna haja, namba wanayo tayari. Ndiyo maana nataka shahada hii. Nataka siku moja mtu anisikilize nikimwambia namba yake si kweli."

Alifunga mtaala na kuurudisha mezani, akausawazisha na ukingo wa meza.

"Nipe mpaka Ijumaa," nikamwambia.

"Hayo ya kupewa siku nimezoea," akasema, lakini aliniaga kwa heshima.

*

Nilimbana Fereji mchana ule ule anifungulie kivuli cha Nyamizi kuanzia ngozi mpaka mifupa. Hakupenda, ila alinifungulia. Juu kulikuwa na rekodi zake mwenyewe, chache, kama za mtu yeyote anayeishi mbali na mashine. Chini yake zilianza zile za kujazia. Tukashuka mstari mmoja mmoja mpaka tukafika ule uliokuwa ukikigeuza kivuli chekundu: *Hamu ya kuendelea na masomo: sifuri nukta sifuri mbili.*

"Mtu ameomba vyuo sita," nikasema, "na mashine inasema hana hamu?"

"Kuomba si kusoma, Daktari. Kinu hakihesabu maombi. Kimechukua hamu ya watu wa kwao. Na kivuli kisicho na hamu huachia pale penye kazi ngumu zaidi."

"Imetoka wapi hiyo hamu ya watu wa kwao?"

Akashuka zaidi. "Utafiti wa Kaya, mwaka 2049. Ndiyo takwimu za mwisho zilizochukuliwa Itumbulu kwa kuuliza watu. Kaya sitini na tatu. Swali la thelathini na moja." Akagusa safu ya majibu. "Waliojibu Hapana ni sitini na tatu."

"Kati ya ngapi?"

"Kati ya sitini na tatu."

Nikapandwa na hasira mpaka masikio yakawaka. "Ebo! Kata nzima haina hata mtoto mmoja anayetaka shule? Hata mjinga anayedanganya si huchanganya majibu kidogo? Huyo ni karani mvivu, Fereji, huyo alikaa mahali akajaza! Mimi kila siku nasema, karani mmoja mpumbavu anaharibu nchi. Nipe namba yake. Nataka namba ya huyo karani, atafutwe hata kama amezikwa."

"Sifuri nne moja saba."

Kuna namba mtu hasahau. Ya shule, ya kitanda cha bweni, na ile iliyoshonwa kwenye fulana ya njano aliyovaa alipopata kazi yake ya kwanza.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Mvua ilinyesha siku nne, mto ukajaa, na Itumbulu ilikuwa ng'ambo. Tulikwama kwenye ukumbi wa shule moja upande wa huku, tumelowa, tunakula mahindi ya kuchemsha asubuhi na jioni. Siku ya tano kiongozi wetu wa timu, kijana mrefu anayeinama milangoni, akasema, "Malizieni hapa hapa. Mtandao umekufa, vishikwambi havitaonyesha tulijazia wapi. Maji yakipungua tuwe tumeshaondoka." Wenzangu wakagawana kata nyingine. Itumbulu ikawa yangu. Nikakunja miguu juu ya dawati na kuanza kubuni watu. Niliwapa majina. Niliwapa mbuzi. Nilijitahidi hata, wallahi, wengine nikawapa mabati na wengine nyasi ili mchanganyiko uonekane wa kweli.

Lakini swali la thelathini na moja lilikuwa na njia ya mkato. *Je, katika kaya hii kuna mtu ambaye angependa kuendelea na masomo akipata nafasi?* Ukibofya Ndiyo, yanafunguka maswali kumi na mawili: nani, anataka nini, amefika wapi, nini kilimzuia. Ukibofya Hapana, kishikwambi kinakuambia ruka hadi swali la arobaini na nne. Karani anayesema hajui thamani ya ile Hapana ni mwongo. Nilibofya Hapana mara sitini na tatu. Kidole kilikuwa cha baridi na nilitaka kulala.

"Daktari," akasema Fereji polepole, "huyu karani unamjua?"

"Namjua."

"Mtu mwema?"

"Alikuwa amelowa na ana njaa," nikasema. "Zima hiyo."

*

Profesa Nkwabi hakujifanya hajui. Kwa hilo nampa sifa. Alifunga mlango wa ofisi yake, akanivutia kiti, akakaa upande wangu wa meza kama tulivyokuwa tukikaa zamani.

"Nilipoona jina la Itumbulu nilijua," akasema. "Nilitumaini wewe umesahau."

"Nilikuwa nimesahau, kaka. Hilo ndilo linaloniuma. Nimefundisha watu uadilifu wa takwimu miaka ishirini na sita nikiwa nimesahau kabisa."

"Basi endelea kusahau. Sikiliza. Kifungu cha kumi na tisa kinasema aliyeghushi takwimu za umma hatafundisha takwimu maisha yake yote. Ukisimama Ijumaa ukasema, wewe umekwisha. Mimi nina miezi minne nistaafu, nami nimekwisha. Hayo tuyaache, tuseme tumestahili. Lakini mtaala ulioandikwa na mghushi unatupwa. TB 605 inatupwa. Hakuna mtu mwingine nchi hii atakayeiandika tena, unajua hivyo. Ukinyamaza, kozi inaishi. Kila mwaka watu tisini na tisa wanatoka hapo wakijua kubisha hodi. Hao ndio watakaorekebisha Itumbulu, na kwingine kote ambako wengine walifanya kama sisi. Unataka kumwaga dawa ili tu utangaze kwamba ulimpa mtu ugonjwa?"

Ningependa kusema nilimjibu kwa ukali. Lakini alikuwa amesema jambo la maana, na mtu mwenye kosa akisema jambo la maana linakera kuliko matusi. Nilirudi nyumbani nikapika wali, nikausahau jikoni ukaungua, nikala hivyo hivyo.

Alhamisi nilijaribu njia ya tatu. Nilimwomba Fereji anipe kiti chake kwa nusu saa akanywe chai. Alinitazama, akaenda. Nilifungua kaya zile sitini na tatu, nikaweka kidole kwenye swali la thelathini na moja, kaya ya kwanza, nikabadilisha: Ndiyo. Kivuli kimoja kwenye ukuta kikageuka kijani hapo hapo. Nikabadilisha ya pili. Nikabadilisha ya tatu. Ilikuwa rahisi mno! Kufikia ya kumi na moja nilikuwa natabasamu. Dakika tano zaidi, na mtaala ungefika tisini na sita, Nyamizi angeingia, mimi ningebaki, Nkwabi angestaafu na keki yake.

Ya kumi na mbili ilikuwa ya mama mmoja niliyembuni mwaka ule, mjane, mbuzi watatu. Je, katika kaya yako kuna anayetaka kusoma, mama? Kidole kikasita. Sikujua. Sikuwa najua wakati ule na sijui sasa. Nilikuwa juu ya dawati lile lile, miguu nimekunja, nawajibia watu ambao sijawahi kuvuka mto kwenda kuwasalimu. Ndiyo yangu ilikuwa ya uongo sawasawa na Hapana yangu, ila hii ilikuwa na faida kwangu.

Nikarudisha zote kumi na moja. Fereji aliporudi nilikuwa nafuta uso kwa kanga.

"Chai yenyewe haikuwa nzuri," akasema, na hakuuliza kitu.

*

Ijumaa saa nne asubuhi wajumbe watano wa Baraza walikaa kwenye ukumbi mdogo wa kitivo. Nkwabi alikaa kulia kwangu. Nyamizi alikuwa nyuma kabisa, kofia yake magotini, maana nilimwambia aje.

Mwenyekiti, Bibi Salma Kiluvia, alikuwa mama wa makamo asiyependa maneno mengi. "Daktari Mihayo, taarifa inasema sabini na tisa. Umeondoa kozi au waombaji?"

"Sijaondoa kitu. Nimeongeza. Naomba tufungue TB 605, wiki ya kwanza."

Wakafungua. Nilikuwa nimeandika: *Kisa cha kujifunzia: Karani 0417.* Nikakisoma kwa sauti. Mvua, mto, dawati, mahindi, njia ya mkato. Nikasoma Hapana sitini na tatu. Nikasoma miaka kumi na moja bila mtu mmoja wa Itumbulu chuoni. Nikasoma kuhusu msichana aliyetaka unesi anayechoma mkaa. Mwisho kulikuwa na ule mstari wa fomu yao: *Mhitimu ataweza kueleza kosa la karani huyu na gharama yake kwa watu waliojibiwa bila kuulizwa.* Nilihakikisha kitenzi kinapimika.

"Karani huyu yuko hai?" akauliza mwenyekiti.

"Ndiye anayesoma."

Mwenyekiti akaweka kalamu chini. "Na kiongozi wa timu?"

"Huyo atajisemea mwenyewe," nikasema, na nikasubiri. Nilisubiri kweli. Profesa Nkwabi alikuwa anaitazama simu yake, na simu ilikuwa imezimwa.

Walitoka nje saa nzima. Waliporudi, mwenyekiti alisimama kusoma. Mimi, tangu dakika ile, sifundishi takwimu tena, popote, maisha yangu yote. Vivuli vya Itumbulu vimezuiwa visitumike kumkataa mtu. Mtaala haujafutwa wala haujapitishwa. Unasubiri Itumbulu iulizwe upya, kaya sitini na tatu za kweli.

"Na nani ataenda kuuliza?" nikasema. "Hakuna makarani nchi hii! Mliwaachisha kazi kilipokuja Kinu. Mnasimamisha mtaala mpaka ifanyike kazi ambayo mtaala wenyewe ndio ungeifundisha. Hivi mnasikia mnachosema?"

"Daktari... Bibi Mihayo. Kaa chini."

"Ningekuwa nimekaa miaka thelathini iliyopita mngekuwa na hamu ya kuulizwa ninyi!" Hata mimi sikuelewa nilichosema. Hasira ilikuwa imeshika usukani.

Nyuma kiti kikasogezwa. Nyamizi alikuwa amesimama.

"Sisi tupo ishirini na mmoja," akasema. "Tupeni dodoso. Tutauliza sisi."

Mwenyekiti akageuka kunitazama, nadhani kwa mazoea. "Inafaa hiyo?"

"Haifai kabisa," nikasema. "Mtu akimhoji shangazi yake anapata majibu ya shangazi. Labda kila mmoja apelekwe kitongoji kisicho chake, pasiwe na ukoo, na kaya moja katika sita irudiwe na mtu mwingine. Hapo inafaa."

"Hilo ni somo unalofundisha, Bibi Mihayo," akasema Bibi Salma.

"Basi msisikilize," nikajibu. Aliandika.

*

Sheria inanizuia kufundisha. Hainizuii kubeba maji. Wiki tatu baadaye nilivuka ule mto kwa mara ya kwanza, kwa daraja la chuma ambalo halikuwapo enzi zangu, nikiwa nimebeba chupa mbili za maji nyuma ya Nyamizi Ntinginya. Mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu. Ningeweza kuuvuka na viatu.

Kaya yake ya kwanza, kwenye kitongoji kisicho cha kwao, ilikuwa ya bibi anayeitwa Mwashi Kapera, mwembamba, jicho moja lina ukungu. Alikuwa ametandika mkeka na kuweka viti viwili vya mbao. Nyamizi akamwamkia, akajitambulisha, akamsomea kile kiapo cha siri kama nilivyo... kama alivyojifunza mahali fulani.

"Nyinyi ni watu wa maswali," akasema bibi.

"Ndiyo, bibi."

"Wa zamani hawakufika. Tulitangaziwa watakuja, nikiwa na mimba ya huyu wangu wa mwisho. Nikafagia. Nikachemsha viazi, maana nilisema watoto wa watu watakuwa na njaa na mvua hii. Tukawasubiri siku mbili. Mume wangu akasema labda wamezama." Akacheka kidogo. "Nilisikitika sana. Nilikuwa nimeshajua nitakachowaambia."

Chupa zilikuwa nzito mkononi. Nyamizi hakunitazama, na ninamshukuru kwa hilo.

"Hawakuzama, bibi," nikasema. "Mmoja wao ni mimi. Nilikaa ng'ambo nikajaza mwenyewe."

Alinitazama kwa lile jicho zima, muda mrefu. Nilitegemea atukane. Ningependa angetukana.

"Ulikula nini?" akauliza.

"Mahindi."

"Hmm." Akasogeza kiti cha pili kwa mguu. "Kaa basi. Umesimama kama mdai."

Nikakaa. Nyamizi akaanza: jina, umri, paa, maji, mifugo. Bibi hakuwa na mbuzi, hakuwahi kuwa nao. Alikuwa na mizinga tisa. Nilikaa na mikono yangu magotini mpaka Nyamizi akafika.

"Swali la thelathini na moja. Je, katika kaya hii kuna mtu ambaye angependa kuendelea na masomo akipata nafasi?"

"Yupo," akasema bibi. "Mimi."

Nyamizi akabofya Ndiyo. Ukurasa ukafunguka, ule ambao mimi sijawahi kumsomea mtu, mrefu kuliko nilivyoukumbuka.

"Yanayofuata ni mangapi, mwanangu?"

"Kumi na mawili, bibi."

"Basi mtakula hapa," akasema, na akanyanyuka kwenda kuchemsha viazi.